Bahari Ilipopanda Mbooni

Mwaitu, yaani mama yangu, alikaa katikati yetu. Dirishani kulikuwa na nafasi na upepo, nikamsihi akae huko, lakini alipanda lori upesi kama msichana, akajipanga katikati ya kiti, kiondo mapajani, Biblia juu ya kiondo. Bega langu na bega la Waithaka yakatenganishwa na mama mzima wa kanisa.

"Twende," alisema akitazama mbele. "Na uendeshe pole pole, dereva. Nyuma kuna kioo."

Dereva. Miaka mitatu Waithaka alikuwa akija nyumbani kwetu Makindu, na miaka yote hiyo mama yangu hakuwahi kulitamka jina lake. Hakuwahi kumpa hata maji ya kunywa. Mtu anatuletea mitungi ya maji kutoka Mombasa, anaishusha mmoja mmoja jua likiwaka, jasho linamtiririka hadi viatuni, halafu anarudi kwenye lori lake kunywa maji ya chupa yaliyopata moto. Siku moja nilitaka kumpelekea kikombe, Mwaitu akanitazama mpaka nikakirudisha kabatini. Kwetu ukimpa mgeni maji umemwambia aketi, na Mwaitu hakutaka huyu aketi.

Nieleze hayo maji yalikuwa ya nini, maana najua kuna atakayeuliza.

Baba yangu, marehemu Muthama, alikuwa mtu wa reli. Alifanya kazi Mombasa miaka mingi, na alipohamishiwa Makindu alikuja na kitu ambacho Makindu haikuwahi kukiona: tangi la kioo refu kama meza ya kulia, na ndani yake bahari. Maji ya bahari, mchanga wa bahari, mawe yenye matumbawe yaliyo hai, ya zambarau na ya kijani, na samaki wadogo wa kila rangi. Wawili walikuwa wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, na walilala ndani ya ua la bahari lenye vidole laini. Baba aliwaita Bwana Stesheni na Bibi Stesheni. Watu walikuja kuwatazama Jumapili baada ya ibada, wakasimama wamekunja mikono, wakasema "aiya!" na kwenda zao.

Bahari haitoki bombani. Kila mara ilibidi sehemu ya maji ya tangi itolewe na mengine mapya yatiwe, na hayo yalitoka Mombasa tu. Mwanzoni walimletea watu wa treni. Baadaye akaja Waithaka, kijana wa Murang'a anayeendesha lori la mizigo. Siku ya kwanza aliyoshusha mitungi, Baba alichovya kidole katika kila mtungi na kuonja, kama alivyozoea, maana kuna dereva aliwahi kujaza mitungi kisimani Voi na kumdanganya. Waithaka hakukasirika. Alisubiri Baba amalize kuonja, kisha akasema, "Mzee, hii nimeenda kuichota mbali na bandari. Pale karibu kuna mafuta ya meli."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikajiambia, mtu anayechagulia samaki maji namna hii, mke wake atachaguliwa nini? Toka siku hiyo nikapotea. Nikianza kusikia honi yake barabarani wanafunzi wangu wa chekechea walijua kuwa mwalimu hatasikia tena lolote mpaka jioni.

Baba alifariki, tukamzika kwetu Mbooni. Mwaka ulipopita Mwaitu akasema joto la Makindu limemchosha, anarudi kwenye shamba lake kilimani, na mimi narudi naye.

"Na samaki?" nilimuuliza.

"Samaki ni wako. Baba yako alikuachia wewe. Waje." Akaendelea kukunja nguo, kisha akaongeza, bila kuinua kichwa, "Lakini kule lori haifiki."

Alilisema hilo kama mtu anayesifu shamba: maparachichi yapo, machungwa yapo, lori halifiki. Nikaelewa. Mama yangu hakuwa mkatili, hakutaka kuwaua samaki wa mumewe. Alitaka tu maji yasiwe na njia ya kuja, na mwenye kuyaleta asiwe na sababu.

Ndiyo maana Ijumaa hiyo ya mwaka wa themanini na sita tulikuwa watatu ndani ya lori, tumebanana, tukielekea Mbooni. Nyuma tulikuwa tumelaza tangi tupu juu ya magodoro mawili. Mchanga tuliuweka mbichi kwenye karai. Matumbawe yalikuwa ndani ya ndoo za rangi, yamefunikwa na maji yao wenyewe, na samaki ndani ya ndoo nyingine zenye vifuniko. Mitungi ya maji mapya ilipangwa ukutani. Usiku wa kuamkia siku hiyo Waithaka alikuwa ametoka nayo pwani.

"Samaki wamelala?" aliuliza tulipopita Emali.

"Hawajalala. Wamenyamaza tu."

"Wamekasirika?"

"Wanaogopa," nikasema. "Hawajui wanapelekwa wapi, na hakuna mtu aliyewauliza."

"Samaki haulizwi," alisema Mwaitu. "Samaki anakaangwa."

Waithaka akacheka. Ana mwanya, na akicheka huo mwanya unaniharibia siku nzima. Niliinama mbele kidogo ili niuone, na Mwaitu naye akainama mbele kidogo, akitafuta kitu ndani ya kiondo ambacho hakikuwepo.

Tulipoacha lami na kuanza kupanda, Waithaka alibadilisha gia, akakohoa.

"Mama," alisema, "ni vizuri niseme na wewe ukiwa hapa. Bosi amenipa ruti ingine. Malaba. Kesho asubuhi natakiwa Nairobi, nichukue gari mpya. Mshahara pia imeongezeka."

Nilisikia ndoo zikigongana nyuma.

"Kwa hivyo hii maji ya leo," aliendelea, na sauti ikapungua, "ndiyo ya mwisho."

"Umejua lini?" nikauliza.

"Juzi."

"Na hukuniambia."

"Nilitaka kukuambia uso kwa uso, Mbula. Sasa huo uso nitauona aje?"

Mwaitu hakusogea hata unywele. "Hongera," alisema. "Malaba ni mbali. Mungu akutangulie."

Niligeukia dirishani. Milima ya Mbooni ilikuwa imeanza kuonekana, na matuta ya mashamba, na migomba, vitu nilivyovipenda tangu utotoni, na siku hiyo vyote niliviona kupitia machozi. Baada ya muda nikahisi kitu mkononi. Mwaitu alikuwa amenisukumia leso yake bila kunitazama.

"Vumbi," alisema.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Barabara ilikuwa na matope.

*

Lori liliishia sokoni, chini ya kilima. Kutoka hapo hadi nyumbani ni njia ya miguu, mwinuko ambao mbuzi wenyewe hupumzika katikati. Lakini tulikuwa tumetegemea mwethya, na mwethya haujawahi kumwangusha mtu. Hicho ni kikundi cha kina mama wanaosaidiana kwa zamu: leo wanachimba matuta kwa huyu, kesho wanabeba mawe ya yule. Kiongozi wao alikuwa shangazi Mbinya, dada yake Baba, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu waliovuka mto.

"Karibuni nyumbani!" alipaza sauti. "Mbula, umekonda! Makindu hakuna chakula? Kina mama, mikwa!"

Wakatoa mikwa yao, ile mishipi ya ngozi ya kubebea mzigo, wakaifunga kwenye mitungi, wakaipitisha juu ya vipaji vya nyuso, na wale kina mama wakasimama na bahari mgongoni. Mimi nilibeba mtungi mmoja. Tangi lililazwa juu ya kitanda cha kamba na kufunikwa blanketi, wanaume watatu wakashika miguu ya kitanda, na wa nne akawa Waithaka.

Tulipokuwa tunapanda, wazee waliokuwa shambani walisimama wakavua kofia. Mmoja akatoka hadi njiani, uso umejaa huruma.

"Ni nani huyo?" aliuliza.

"Ni ya samaki," Waithaka akajibu akihema.

Yule mzee akatafakari. "Poleni sana," akasema.

Mimi, wanaume wa kitanda na Mwaitu na ndoo zetu za samaki tulitangulia. Kina mama walikuja nyuma wakiimba. Tulipopita chemchemi, pale njia inapokata kona, nyimbo zilikatika kwa muda mrefu kidogo, kisha zikaanza tena kwa nguvu. Nilidhani wamekunywa maji wakapumzika. Kweli, ni nani asiyepumzika pale.

Nyumbani tuliweka tangi katika chumba kinachopakana na jikoni, maana Mbooni ina baridi na ukuta ule hupata moto wa kuni mchana kutwa. Pampu ndogo ya hewa tuliifunga kwenye betri ya gari ambayo Waithaka alinipa, akanieleza kwamba kwenye kinu cha kusagia mahindi pale sokoni wataichaji. Nikatandika mchanga. Nikapanga mawe. Nikamimina mtungi wangu, maji yakatulia juu ya mchanga, machache, na roho yangu ikatulia kidogo nayo.

Kisha nikavuta mtungi wa pili, nikachovya kidole, nikaonja.

Nikaonja tena. Nikavuta wa tatu. Wa nne.

"Shangazi," nikasema, "haya maji yametoka wapi?"

Shangazi Mbinya alikuwa anajipangusa shingo, na uso wake ulijaa furaha ya mtu aliyesubiri kuulizwa.

"Umeonja? Ni tamu, eeh?" alisema. "Mbula, mwanangu, tulionja hiyo yenu pale chemchemini. Aiya! Tulisikia watu wa chini huko wanakunywa maji ya chumvi, lakini hatukujua ni kama hiyo! Mimi nikasema, hapana. Mtoto wa ndugu yangu hawezi kuja kwao na maji mbaya hivyo. Tukamwaga yote. Tukaosha mitungi na mchanga, tukachota hii."

Kina mama wote walikuwa wakitabasamu. Hawakujipunguzia mzigo hata kidogo. Walimwaga mzigo mzito, wakajaza mzigo mzito, wakaubeba mpaka juu, wakiimba. Walitupa kitu bora walichokuwa nacho. Nikakaa chini sakafuni na kidole changu bado kimelowa, na sikujua nicheke au nilie, kwa hivyo nikafanya yote mawili.

Waithaka alikuwa mlangoni. Yeye ndiye aliyeyachota yale maji, akaendesha usiku kucha nayo. Nilimtazama nikitarajia hasira, na nilikuwa tayari kumsamehe akikasirika. Alivua kofia.

"Asante, mama," akamwambia shangazi. "Hiyo mlima mmepanda si mchezo."

Kisha akachutama mbele yake na kumweleza taratibu, kama anayemweleza mama yake mwenyewe, kwamba samaki hawa ni wa baharini, na kwamba maji matamu huwaua.

"Basi tutie chumvi," shangazi akasema haraka. "Niko na pakiti mbili nyumbani."

"Shangazi, bahari si mchuzi," nikasema.

Hapo ndipo alipoelewa. Akageuka, akatazama dirishani, mahali kaburi la Baba lilipo chini ya mchungwa. Mkono ukaenda mdomoni.

"Hiyo ndiyo bahari ya Muthama?" aliuliza kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Nimemwaga bahari ya ndugu yangu?"

Waithaka akamshika mkono. "Si yote. Iko kwa ndoo. Mbula, kwa ndoo watakaa mpaka lini?"

"Mpaka Jumapili. Tukiwa na bahati."

"Basi Jumapili."

"Jumapili nini?"

"Nitakuwa nimerudi. Saa hii nikiteremka, usiku niko Mombasa."

"Waithaka, kesho asubuhi unatakiwa Nairobi. Gari mpya. Malaba."

"Malaba iko tu pale. Haiendi mahali."

"Watampa mtu mwingine!"

"Wampe." Alisimama, akaivaa kofia yake, akaivua tena. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama, kina mama, wanaume wa kitanda, na Mwaitu aliyekuwa amesimama karibu na ukuta wa jikoni. "Mbula, miaka mitatu nimekuletea maji. Siwezi kwenda nikuachie ndoo. Na wewe unajua haikuwa ni samaki nilikuwa naletea."

Kina mama wakafanya "iiii!" kwa pamoja. Mimi uso ulinichoma kama niliyefunua sufuria.

"Lori haifiki hapa," alisema Mwaitu. Ndilo neno pekee alilosema.

Waithaka alimgeukia kwa heshima. "Nimeona, Mama," akajibu. "Lakini mimi nafika."

Akanitazama mara moja, kwa kirefu, akiwa hana mama wa kanisa wa kumzuia. Kisha akateremka kilima akikimbia.

*

Betri ilikuwa imeisha nguvu, kwa hivyo Jumamosi yote nilikuwa na bomba la baiskeli, nikipuliza hewa ndani ya ndoo, moja baada ya nyingine. Tangi tulilimwaga, na maji yangu machache tukayagawa kwenye ndoo. Ndoo tulizipanga kando ya ukuta wa moto. Tumbawe la zambarau, lile kubwa, lilikuwa limekunja vidole vyake na kuanza kutoa harufu, ikabidi nilitoe. Bwana Stesheni alikuwa sawa. Bibi yake alikuwa amelala ubavu, akipumua kwa taabu.

Mchana Mwaitu alikuja na kigoda. Akaniondolea bomba mkononi.

"Nenda ukale. Kuna muthokoi jikoni."

"Sina njaa."

"Basi kaa ukose njaa ukiwa umekaa."

Nikakaa. Akaanza kupuliza, polepole, kwa mwendo mzuri kuliko wangu. Niligundua kwamba alikuwa anajua. Miaka yote ile alijifanya hatazami.

"Unajua mimi nilikuwa na miaka mingapi Baba yako aliponileta hapa?" aliuliza. "Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Akanileta mwezi wa nane, mwezi wa tisa akarudi Mombasa. Nikabaki na mamake na hiki kilima. Alikuwa anakuja likizo, mara mbili kwa mwaka. Watu wanasema nilikuwa na bwana mzuri, wa reli, anatuma kila kitu. Nilikuwa na bwana wa barua, Mbula."

Bomba likaendelea.

"Akija anakuja na hadithi ya bahari. Bahari hivi, bahari vile. Nikaichukia hiyo bahari kama mke mwenza. Halafu alipohamia Makindu akaniita, nikafurahi, nikasema sasa ni wangu. Nikafika, nikakuta ameileta ndani ya nyumba."

"Mwaitu," nikasema, "hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Alikuwa ananipenda. Hilo najua. Lakini alipokuja likizo nilikuwa nateremka chemchemini, nambebea maji ya kuoga mgongoni, yeye amekaa hapo nje anasoma gazeti. Hakuwahi kunibebea hata kikombe." Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Sasa wewe unataka mtu wa barabara. Utakaa hapa kusikiliza honi mpaka uzeeke. Hiyo ndiyo naogopa. Si Murang'a. Murang'a kuna watu kama sisi."

Nilitaka kumwambia kwamba Waithaka ni tofauti, lakini kila msichana husema hivyo, na hata yeye aliwahi kusema. Nikashika mkono wake tu. Ulikuwa mgumu, na kipaji chake cha uso, nilipokitazama kwa karibu, kilikuwa na ule mfereji mdogo ambao mukwa huuchimba kwa miaka.

Jioni alilichukua tumbawe lililokufa, akaenda nalo nje. Nilimwona dirishani akiliweka juu ya kaburi la Baba, akilisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka akaridhika.

*

Jumapili kanisani sikusikia mahubiri. Namwomba Mungu anisamehe, nilikuwa nasikiliza honi. Ilipolia, mbali, kule sokoni, tulikuwa katikati ya wimbo wa mwisho, nami nikaacha ubeti ukining'inia.

Nje kulizuka mjadala. Maji yako chini, kilima ni kilekile, lakini leo ni siku ya Bwana, na mwethya haufanyi kazi siku ya Bwana. Mama mmoja akasema tungoje Jumatatu. Shangazi Mbinya akamgeukia, yeye na kilemba chake cheupe cha kanisa.

"Ng'ombe akianguka shimoni siku ya Sabato utamwacha?" aliuliza.

"Ng'ombe simwachi. Lakini hii ni samaki."

"Ni mimi nilimwaga. Kwangu ni ng'ombe," shangazi akasema, na akaanza kuteremka. Kina mama wakatazamana, kisha wakamfuata, na viatu vyao vya Jumapili mikononi.

Mimi sikuweza kwenda. Bibi Stesheni alihitaji hewa, na mtu wa kumpa ni mimi. Nilibaki na bomba langu, na Mwaitu alisimama mlangoni akitazama njia. Nyimbo zilianza kusikika kutoka chini. Zilifika chemchemini, na safari hii hazikukatika. Zikapita. Ndipo nikasikia Mwaitu akivuta pumzi.

"Mbula," alisema. "Njoo uone."

Walikuwa wanapanda kwa mstari mmoja, vilemba vyeupe, mitungi mgongoni. Na katikati yao kulikuwa na mwanamume. Alikuwa ameinama kama wao, mtungi mgongoni, na mukwa umepita juu ya kipaji cha uso wake. Kwetu mwanamume akibeba maji huyabeba kwa baiskeli au kwa punda. Mukwa ni wa wanawake, na mwanamume anayeuvaa huchekwa mpaka wajukuu wake. Kina mama walikuwa wanacheka kweli, wakimwonyesha namna ya kushika mishipi kwa mikono miwili, na yeye alikuwa anahema, akiyumba, akicheka nao. Waliokuwa wamemwona kama dereva wa mjini tu siku ya Ijumaa sasa walikuwa wanamwita "Mama Waithaka."

Mwaitu hakucheka. Alishika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja.

Waithaka aliufikisha mtungi wake mpaka miguuni pa Mwaitu, akautua, akauondoa mukwa. Alama nyekundu ilikuwa imechoreka kwenye kipaji chake.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "nilimpigia bosi simu nikiwa Mombasa. Malaba amepewa mwingine. Mimi nimebaki na hii gari mzee na ruti ya zamani. Jumapili mbili kila mwezi nalala Emali. Kutoka Emali mpaka hapa si mbali. Nimekuja mikono mitupu, sina mbuzi. Nimekuja na maji peke yake. Lakini wazee wetu wakija kuposa, hapa nani atazungumza na wao?"

Mwaitu aliinama, akafungua mtungi, akachovya kidole, akaonja. Alikaa na kile kidole mdomoni, amefumba macho, na machozi yakamtoka. Akachovya tena katika wa pili, na wa tatu, na katika kila mtungi uliotuliwa pale uani, mmoja baada ya mwingine kama Baba. Kina mama walifuata kile kidole kwa macho. Hata shangazi Mbinya.

"Ni yenyewe," alisema alipomaliza. "Mbula, mimina. Samaki wanangoja."

Nilimimina mtungi wa kwanza. Waithaka alinisaidia kuinua mitungi, na mara moja mkono wake ukalala juu ya wangu kwenye mpini, na sikuuondoa, na yeye hakuuondoa. Maji yalipofika juu tukawarudisha. Bwana Stesheni alizama moja kwa moja hadi kwenye ua lake. Bibi yake alielea ubavu, tukamtazama bila kupumua, kisha mkia ukapiga mara moja, mara nyingine, akajinyoosha, akamfuata mumewe.

Tulipogeuka Mwaitu hakuwepo. Tulimsikia jikoni akifunua mtungi wa udongo, ule anaouweka kivulini ili maji yapoe. Alirudi na kata iliyojaa, ameishika kwa mikono miwili ili isimwagike. Akanywa kidogo yeye kwanza, kama afanyavyo mwenye nyumba kumwonyesha mgeni kwamba ni salama. Kisha akasogeza kigoda chake kwa mguu, kile alichokalia jana, mpaka nyuma ya magoti ya Waithaka.

"Kaa," alisema. "Kunywa, Waithaka. Hii si ya samaki."

Waithaka alikaa. Akanywa yote mpaka mwisho, akamrudishia kata, akaomba nyingine.